Uwindaji Umekwisha, Mbwa Wamebaki



Nimeombwa mwaka huu niandike habari ya uwindaji wa sungura wakati wa kipupwe. Wenye umri wangu watacheka wakikumbuka. Vijana wataniuliza ni sungura gani, maana wanayemjua ni yule mweupe wa bandani. Nitawaeleza, na mwishoni nitasema kwa nini kamati imetaka habari hii ikae karibu na ukurasa wa michango.

Nchi ilivyokuwa

Anayepanda basi leo kutoka Makambako kwenda Njombe mjini anapita kati ya mipaini, miwati, milingoti na mashamba ya parachichi. Babu zetu hawakuijua nchi hiyo. Wao walijua vilima vya nyasi, upeo wa macho, na miti michache mabondeni. Miwati mingi ilikuja na Tanganyika Wattle Company, iliyoanzishwa mwaka 1949 ili magamba yake yatoe dawa ya kulainishia ngozi. Mipaini ya watu binafsi ilienea baadaye, bei ya mbao ilipopanda.

Katika nyasi hizo aliishi sungura wa porini. Huyu si ndugu wa karibu wa yule wa bandani, ambaye asili yake ni Ulaya. Wa bandani huchimba shimo, na watoto wake huzaliwa uchi, macho yamefumba. Wa porini hachimbi. Hulala juu ya ardhi, mahali alipokandamiza nyasi kidogo, masikio ameyalaza mgongoni. Watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi. Unaweza kumpita hatua mbili asitikisike. Ukisimama tu, anachomoka.

Kwa nini kipupwe

Kwetu Juni na Julai baridi ya usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na mabondeni asubuhi huonekana sakitu juu ya nyasi. Wakati huo mahindi yanavunwa, nyasi za vilimani zimekauka, na kijani kilichobaki kiko bondeni kwenye vinyungu: njegere, maharage, mboga za majani. Sungura alilijua hilo kama tulivyolijua sisi. Usiku alishuka kula, alfajiri akapanda kulala. Mama aliyeamka na kukuta njegere zake zimekatwa hakuhitaji kuambiwa nani kapita.

Kwa hiyo uwindaji ule haukuwa mchezo. Ulikuwa kulinda kinyungu na kupata kitoweo kwa siku moja. Tena haukuwa wa wanaume peke yao. Wanaume wengi wa Njombe walikwenda manamba, Tanga na Morogoro, kukata mkonge, na wengine walikaa huko miaka. Waliobaki kuwinda walikuwa wazee, akina mama na watoto. Katika ukoo wetu kiongozi wa msafara alikuwa babu, na aliyepanga watu mahali pao alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Sauti yake ilivuka bonde.

Siku ya kuwinda

Tulitoka Jumamosi, jua likiwa limeanza kuyeyusha sakitu, kwa sababu mbwa hawapendi kukanyaga nyasi zenye barafu. Tulibeba viazi vya kuchoma mfukoni, navyo vilitupasha mikono kabla ya kutupasha tumbo. Mbwa walikuwa wa kienyeji, wembamba, rangi ya udongo, watatu au wanne. Aliyeongoza aliitwa Simba. Babu alimfunga njuga shingoni ili tumsikie akipotea nyasini.

Mpango ulikuwa mmoja. Sungura ana miguu mirefu ya nyuma, hivyo akipanda mlima hakuna mbwa wa kumfikia. Akiteremka, miguu hiyo humponza. Basi watoto tulipangwa juu ya kilima, mbalimbali, tukipiga makopo na kupiga kelele. Wazee na mbwa walikuwa ubavuni. Sungura alipochomoka na kutaka kupanda, alikutana na kelele zetu akageuka. Hapo njuga zililia. Alikata kushoto, akakata kulia, mbwa wakapitiliza, na mara nyingi alitushinda. Siku nzuri tulipata wawili. Siku nyingine tulirudi na homa ya mafua tu.

Sungura mmoja wa porini hafiki hata kilo 4, nasi tulikuwa watu 15 au zaidi. Aligawanywaje? Matumbo yalikuwa ya mbwa, papo hapo, kabla mtu hajaonja. Mgongo ulikwenda kwa mwenye mbwa aliyeshika. Nyama iliyobaki ilikatwa vipande vidogo, ikapikwa pamoja na maharage ili mchuzi uwe mwingi, na kila nyumba iliyotoa mtu ilipata bakuli. Bibi mmoja jirani, mjane, hakuwa na mtoto wa kumtuma kilimani. Bakuli lake lilitangulia kutoka. Sikuwahi kusikia mtu akiuliza kwa nini.

Kipupwe cha mwisho

Miaka ya 1970, baada ya sisi kuhamia kwenye kijiji cha ujamaa, tulitoka kama kawaida. Siku hiyo mbwa walimkuta mbweha mchana kweupe. Mbweha huyo hakukimbia. Alisimama, akamrukia Simba, wakaumana mpaka babu alipomuua kwa rungu. Tulimsifu Simba njia nzima ya kurudi. Alikuwa na jeraha dogo mdomoni. Hakuna aliyelifikiria.

Baada ya wiki kadhaa Simba alibadilika. Alikataa kula, sauti yake ikawa ya kukwaruza, akauma kuni na mawe. Asubuhi moja alimuuma mtoto wa baba mdogo kwenye ndama ya mguu. Mtoto alikuwa na miaka 8. Jeraha lilifungwa kwa majani, kama wakubwa walivyojua. Zahanati tuliyompeleka haikuwa na dawa. Tuliambiwa twende hospitali, na nauli ilichukua siku nne kupatikana. Hospitalini nako chanjo ilikuwa imekwisha. Tulirudi naye, akapona kidonda, akacheza. Mwezi wa kumi alianza kuogopa maji. Aliomba kunywa, na kikombe kilipomkaribia koo lilimkaza. Alifariki siku ya tatu. Baba mdogo alikuwa Tanga, na barua ilimfikia mazishi yamepita.

Mbwa wote wa kijiji waliuawa mwezi huo. Babu aliifukia njuga ya Simba nyuma ya zizi. Ukoo wetu haukuwinda tena.

Kilichobaki

Ninajua uwindaji ungeisha hata bila msiba ule. Nyasi zimekuwa miti, na sungura wamepungua pamoja nazo. Sheria nayo ni wazi. Zuio halikuanza jana. Gavana Mjerumani Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji mwaka 1896, Waingereza wakafuata na sheria yao mwaka 1921, nasi tukatunga yetu mwaka 1974 na ile inayotumika sasa, ya mwaka 2009. Kuwinda mnyamapori bila leseni ni kosa, na kutumia mbwa ni kati ya njia zilizokatazwa. Sisemi turudi kilimani.

Lakini mbwa hawakuondoka. Baada ya mwaka mmoja vijiji vilikuwa na mbwa wengine, na leo wako wengi kuliko wakati wa babu. Wanalinda maduka, mbao na parachichi. Zamani mbwa alijulikana: alikuwa na jina, njuga na fungu lake la matumbo. Sasa wengi wanazurura, na hakuna anayeweza kusema ni wa nani mpaka siku anapouma.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua. Kabla ya hapo kinazuilika. Aliyeumwa aoshe jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha awahi chanjo, hata kama kidonda ni kidogo. Karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu, hadi 99 kati ya 100, huambukizwa na mbwa. Maana yake ni kwamba ukimkinga mbwa umemkinga mtoto. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukatika. Tendo hilo hurudiwa kila mwaka, kwa kuwa watoto wa mbwa wapya huzaliwa na kinga hupungua.

Ndiyo sababu kamati imeweka kifungu kipya katika michango ya mwaka huu. Sehemu ya kwanza ni ya siku ya chanjo ya mbwa katika kila kijiji, wakati wa kipupwe, watu wakiwa wamemaliza kuvuna na watoto wakiwa likizo. Sehemu ya pili ni akiba ya nauli na chanjo kwa atakayeumwa, ili asisubiri siku nne mjomba auze debe la mahindi.

Wengi mnaosoma hapa mko Dar es Salaam, Mbeya, Dodoma na nje ya nchi. Hamtakuwepo siku mbwa watakapofungwa kamba na kupelekwa uwanja wa shule. Hata yule bibi mjane hakuwahi kupanda kilima, na bakuli lake lilitoka. Leo mambo yamegeuka. Ninyi ndio wenye nyama, na walio kilimani ndio wanaosubiri. Kateni vipande vidogo, mchuzi uwe mwingi, kila nyumba ipate.

Mwenye mbwa nyumbani, ampe jina. Kisha amlete.