R: programu iliyohamishwa kutoka mashine hadi mashine

Msimu wa tasnifu umeshafika hapa kampasi na kila kona ni data, data, data. Basi leo acha niongelee R, ile programu ya takwimu ambayo wengi wetu tunaitumia kwa sababu haitugusi bumu. Watu husema "R ni bure" halafu wanaishia hapo. Mimi nasema bure peke yake haitoshi. Programu inaweza kuwa bure na mashine yako ikaikataa, sasa hapo umefaidi nini? Kuna watu walikaa chini wakaihamisha kutoka mfumo endeshi mmoja kwenda mwingine, na historia yao haisimuliwi sana.

Tuanzie Marekani, mwaka 1976, Bell Labs. John Chambers, Rick Becker na wenzao walikuwa wamechoka kuandika programu ya Fortran kila mtafiti alipotaka kuchambua data. Wakatengeneza lugha ya takwimu, wakaiita S. Ila ilikuwa imefungwa kwenye kompyuta ya Honeywell yenye mfumo wa GCOS. Nje ya hapo, S ilikuwa hadithi tu.

Wangeweza kuiandika upya kwa kila aina ya kompyuta, lakini walipata akili nyingine. Jirani zao humo humo Bell Labs walikuwa na Unix, ambayo tangu 1973 ilikuwa imeandikwa upya kwa lugha ya C, na mwaka 1977 ikahamishiwa kwenye mashine ya Interdata 8/32. Yaani Unix yenyewe ilikuwa imeanza kutembea. Basi mwishoni mwa miaka ya 1970 wakaihamishia S kwenye Unix. Mnaona ujanja? Badala ya kubeba mzigo kwa miguu hadi kila kijiji, waliupakia kwenye basi linalopita vijiji vyote.

S ikaenea, ila kwa pesa. Mwaka 1988 ikatoka S-PLUS, toleo la kibiashara. Mwenye nacho alinunua, asiye nacho alitazama.

Enhee, sasa twendeni New Zealand. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ross Ihaka na Robert Gentleman walikuwa wanafundisha takwimu Chuo Kikuu cha Auckland. Maabara ya wanafunzi wao ilikuwa na kompyuta za Macintosh, na hawakuona programu ya kuuzwa iliyowafaa humo. Wakaanza kuandika ya kwao, inayofanana sana na S, wakaiita R. Wenzangu wa ualimu, hapa ndipo panaponigusa: R haikuanza na mradi wa mabilioni. Ilianza na walimu wawili waliotaka wanafunzi wao wawe na kitu cha kufanyia mazoezi.

Mwaka 1993 waliitangaza hadharani. Juni 1995, baada ya Martin Mächler wa Zurich kuwasihi, wakaitoa kwa leseni ya GPL, msimbo wote wazi. Matokeo yake yakaonekana haraka. Guido Masarotto wa Italia akaifanyia kazi ya kuipeleka Windows, na baadaye Brian Ripley wa Oxford akawa mmoja wa nguzo za toleo hilo. Mwaka 1997 likaundwa kundi la wasimamizi pamoja na hifadhi ya CRAN. Tarehe 29 Februari 2000 likatoka toleo la 1.0.0.

Usije ukadhani kuhamisha ni kunakili kwenye flashi na kubandika. We acha tu! Unix hutenganisha majina ya mafolda kwa mkwaju, Windows ina mkwaju uliogeuka upande wa pili. Linux huona "Data.csv" na "data.csv" kuwa mafaili mawili, Windows kwa kawaida huliona moja. Kuchora grafu kwenye dirisha la Linux ni njia moja, kwenye Windows ni nyingine kabisa. Halafu sehemu kubwa ya hesabu za R bado imeandikwa kwa Fortran, kwa hiyo pasipo na kompaila ya Fortran, safari imeishia hapo.

Hilo la Fortran si la zamani tu. Novemba 2020 Apple walipotoa kompyuta zenye chipu ya M1, wasimamizi wa R walikuta kompaila huria ya Fortran kwa mashine hizo haijakamilika. Kulikuwa pia na wasiwasi juu ya NA, ile alama ya jibu lililokosekana kwenye dodoso. Kwa namba za desimali, R huificha NA ndani ya alama ya "si namba", ikiwa na 1954 ndani yake kama kitambulisho. Chipu ikiifuta hiyo 1954, mtu ambaye hakujibu swali anachanganywa na hesabu iliyoharibika. Ilibidi wapime kwanza. Mei 2021, toleo la 4.1.0 likaja likiwa tayari kwa chipu hizo.

Ndiyo maana naona uhamishaji ni kazi ya uaminifu. Programu kufunguka haitoshi, lazima itoe jibu lile lile kwako na kwa msimamizi wako, hata kama tarakimu za mwisho kabisa zitapishana kidogo.

Hapa kwetu tuna ndugu wa kazi hii. Mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Wao waliihamisha programu kwenda kwenye lugha ya mtu, wale wengine kwenda kwenye mashine ya mtu. Nia ni moja: asibaki mtu nje.

Lakini mlango ukifunguliwa lazima awepo wa kuushikilia. Aprili 2022, R 4.2.0 iliacha Windows ya biti 32. Kwa wenye mashine mpya ni habari ndogo. Kwa sisi tunaokwenda kufundisha shule zenye kompyuta kuukuu za msaada, si ndogo hata kidogo. Dawa ipo: toleo la 4.1.3 bado linapatikana CRAN, na msimbo uko wazi kwa atakayetaka kuendeleza. Kwa hiyo ukifika kituo chako cha kazi, kabla hujasema "kompyuta hizi ni mbovu", angalia kwanza zina mfumo gani. Pengine kuna mtu alishakufanyia kazi yako miaka kadhaa iliyopita.

Karibuni tubishane. Alamsiki!