Nusu ya ngapi? Uzi kuhusu nyumba ya ndoa na bei yake

Mali ya ndoa ikizuka kwenye siasa, utasikia kelele mbili: huku "nusu kwa nusu!", kule "alete risiti!" Nimefuatilia hizi kesi kwa muda, na naona pande zote zinaruka swali moja: nusu ya shilingi ngapi, na ni bei ya lini?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1971 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya Uingereza ya 1882 kuhusu mali ya wanawake walioolewa inatumika Kenya. Ndiyo, 1882. Tulirithi sheria zao za jumla zilizokuwepo kufikia Agosti 1897, na Bunge letu halikutunga ya kwetu hadi 2013. Uhuru umefika miaka hamsini, wazee!

Katikati hapo majaji walivutana. Uamuzi wa 1976 ulikubali kwamba mke mwenye mshahara akilipia matumizi ya nyumbani amechangia, hata kama jina lake haliko kwenye hati. Lakini 2007 Mahakama ya Rufaa ikasema mchango ni pesa. Kupika na kulea watoto havikuhesabiwa. Hapo ndipo hasira ya leo ilipotoka.

Katiba ya 2010, kifungu cha 45, ikaleta haki sawa ndoa inapoanza, ikiendelea na ikivunjika. Mswada uliofuata ulitaka mgao sawa. Wabunge wakaubadilisha: kila mtu kulingana na mchango wake. Angalau kazi ya nyumbani, malezi na kulima shamba vikaingia kwenye maana ya mchango. Januari 2023 Mahakama ya Juu ikathibitisha: nusu haiji yenyewe, lazima uthibitishe. (Mama wa kesi hiyo alithibitisha, akabaki na nusu yake.)

Sasa bei. Mthamini aliyesajiliwa anakagua hati, ukubwa, hali ya jengo, na bei ambazo majirani wameuza. Mkopo wa benki unatolewa. Kila upande ukileta mthamini wake, usishangae ripoti mbili zikipishana kwa mamilioni. Ndiyo maana wengine hukubaliana wawe na mmoja.

Mfano tu: mkiachana nyumba ni milioni 6 na deni ni milioni 2. Nusu yako ni milioni 2. Kesi ikivuta miaka, nyumba ikafika milioni 9 na deni likashuka hadi milioni 1, nusu ni milioni 4. Sheria ya 2013 haikutaja tarehe ya kuthamini. Kwa hivyo anayebaki ndani atang'ang'ania ripoti ya zamani, na atauliza pia ni nani amekuwa akilipa hilo deni.

Kijijini ni kugumu zaidi. Shamba la urithi si mali ya ndoa, ila ukijenga juu yake unadai kiasi ulichochangia kuliboresha. Na kama hati bado iko kwa jina la babu, mthamini atakupa bei vizuri tu, lakini korti haitagawanya mali ya mtu ambaye hata hayuko kwenye kesi. Hapa wengi hupoteza nyumba walizojenga kwa jasho lao, na kwenye mikutano ya hadhara hakuna anayewataja.

Waislamu wanaruhusiwa na kifungu cha 3 kufuata sheria ya Kiislamu. Huo ni uzi mwingine.