Mwanya wa Vali

Gereji za bodaboda hulijua jambo hili kwa jina la tapeti: "tapeti zinalia", "tapeti zimekaza", "leta fila nipime tapeti". Neno limeenea na sina ugomvi nalo, ila linataja chuma, ilhali fundi anapima uwazi: ule ulioachwa kati ya ncha ya shina la vali na roka inayoisukuma, vali ikiwa imefunga. Wengine huandika "nafasi ya vali". Mimi nachagua mwanya. Sisemi pengo, maana pengo huachwa na jino lililong'oka. Mwanya ni umbile. Na huu wa vali uliwekwa makusudi na aliyebuni injini.

Aliuweka kwa sababu ya joto. Chukua vali ya chuma yenye urefu wa milimita 100. Joto lake likipanda kwa wastani wa nyuzi 400 za Selsiasi, itarefuka kwa karibu milimita 0.48. Kichwa cha silinda nacho hutanuka, kwa hiyo mwanya haupungui kwa kiasi chote hicho, lakini vali isiyo na pa kurefukia itashindwa kukaa sawasawa kwenye kiti chake. Vali ya eksozi, inayopitisha moshi wa moto, kwa kawaida huhitaji mwanya mkubwa kuliko ya kuingiza hewa. Katika injini ya 1HZ ya Toyota Land Cruiser, ya hewa hupewa milimita 0.15 hadi 0.25, ya eksozi 0.35 hadi 0.45, injini ikiwa baridi.

Wateja wengi huja na shida ya kelele. Mwanya ukizidi, injini hugonga, vali huchelewa kufunguka na nguvu hupungua. Ni usumbufu, lakini angalau unasikika. Uliobana ndio wa kuogopwa, maana injini hutulia na mwenye chombo hufurahi. Kumbe sehemu kubwa ya joto la vali hutoka kupitia kiti chake. Isipokigusa barabara, joto halina njia, gesi inayowaka hupenya pembeni na ukingo wa vali huungua. Isitoshe, kiti kikilika vali huzama ndani ya kichwa, shina hujitokeza zaidi upande wa roka, na mwanya hupungua wenyewe bila mtu kugusa skrubu. Kwa hiyo fundi anayekaza tapeti ili kunyamazisha injini anamharibia mteja wake.

Kupima kunataka injini iliyopoa. Honda husema isizidi nyuzi 35, na pistoni iwe juu kabisa kwenye mgandamizo, vali zote mbili zikiwa zimefunga. Kwa pikipiki yake ya CG125, fila, yaani bamba jembamba la kupimia, ni ya milimita 0.08: ipite kwa kukwaruza kidogo. Kisha kaza nati huku bisibisi ikishikilia skrubu, na upime tena, kwani skrubu hupenda kuzunguka pamoja na nati.

Joto halibani mwanya kila mara. Kwenye Volkswagen Beetle, injini inayopozwa kwa hewa, silinda na kichwa vinaweza kutanuka kuliko fito zinazosukuma roka, na mwanya ukaongezeka. Ndiyo maana kipimo cha baridi hakichukuliwi injini ikiwa moto kwa kukisia tofauti. Injini zenye tapeti za oili hujirekebisha zenyewe. Hizo zikilia, anza kwa kukagua oili.