Nani Amtaje Mwizi? Kamchape, Sungusungu na Mpelelezi

Nyumba zinapovunjwa mfululizo na mali kuharibiwa pasipo mhalifu kujulikana, huzuka swali ambalo ni la lugha kadiri lilivyo la sheria: nani ana haki ya kumtaja mwizi, na kwa ushahidi gani? Kwa mkazi wa Kabanga, katika nyanda za juu za Kigoma, Kiswahili kinatoa majina matatu ya kujibia.

La kwanza ni kamchape. Vuguvugu la mchape lilienea kutoka Nyasa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ufipa likaitwa kamchape, na jina hilo limesikika Kigoma hadi miaka hii. Mganga hupiga ramli, humtaja jirani, na nyumba ya aliyetajwa huweza kubomolewa. Hivyo dawa ya uharibifu huzaa uharibifu mwingine, ingawa sheria ya uchawi ya mwaka 1928 ilikwisha kukataza kumtaja mtu kuwa mchawi.

La pili ni sungusungu, jina la wadudu waumao kwa pamoja. Wasukuma na Wanyamwezi walilitumia mwanzoni mwa miaka ya 1980 dhidi ya wezi wa ng'ombe, na mwaka 1989 sheria ikawatambua walinzi hao. Sifa yao ni umoja. Lakini wingi wa washtaki si ushahidi.

La tatu ni mpelelezi. Kupeleleza ni kuchungua kwa siri, ndiyo maana neno hilo humtaja jasusi pia. Fasihi ndiyo iliyompa heshima. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Muhammed Said Abdulla alimfikisha Bwana Msa kwenye mauaji yaliyotokea penye mzimu; naye hakuwahoji mizimu, aliwahoji watu. Baadaye Ben Mtobwa, mzaliwa wa mkoa huohuo wa Kigoma, alimwumba Joram Kiango, na wasomaji wengi wakajifunza kusubiri ukurasa wa mwisho kabla ya kuhukumu.

Subira hiyo ina jina lake katika lugha yetu. Kamchape husema "mchawi"; umati husema "mwizi"; mpelelezi husema "mtuhumiwa". Kati ya maneno hayo, ni hilo la mwisho tu linalomwachia mtu nafasi ya kurudi nyumbani kwake akiwa hai, na kuikuta nyumba ingali imesimama.