Nani Auzime Moto?

Katika maisha ya kila mji hufika saa ambayo mwenye nyumba, hata awe tajiri namna gani, hawezi kujisaidia mwenyewe. Moto ukishika paa, ndoo ya maji ya jikoni haitoshi. Na mtu akianguka barabarani akivuja damu, huruma ya wapita njia haimponyi. Hapo hutakiwa watu waliofunzwa kazi hiyo, wenye vyombo vyake, nao wafike upesi. Siku hizi twasema tu, "Waiteni zimamoto," au, "Liiteni gari la wagonjwa," kana kwamba watu hao walikuwapo tangu dunia ilipoumbwa. Sivyo. Kazi hiyo ilijengwa kidogo kidogo, na karibu kila hatua yake ilitanguliwa na msiba.

Ukiichunguza historia yake utakuta maswali matatu yakirudi daima: Nani alipe? Nani aamuru? Na habari ipelekwe kwa njia gani? Tutayafuata maswali hayo kwanza huko Uingereza, hasa katika mji wa London, kwa sababu kumbukumbu zake ni nyingi, na kwa sababu taratibu za miji yetu ya Kenya wakati wa ukoloni zilitoka huko. Kisha tutarudi nyumbani.

Jumapili tarehe 2 Septemba 1666, kabla ya mapambazuko, moto ulianza katika nyumba ya mwoka mikate mmoja, katika njia nyembamba iitwayo Pudding Lane. Nyumba nyingi za London siku hizo zilikuwa za mbao, nazo zilisongamana. Na upepo wa mashariki ulikuwa ukivuma kwa nguvu. Kikosi cha zimamoto hakikuwapo. Vilikuwapo ndoo za ngozi, ngazi, na kulabu ndefu za kuangushia nyumba. Dawa iliyojulikana ilikuwa kuzibomoa nyumba zilizo mbele ya moto, ili ukose cha kula. Meya wa mji, Thomas Bloodworth, aliitwa mapema, lakini alisita kutoa amri, maana aliogopa gharama ya kuwalipa wenye nyumba. Alipokuwa akisita yeye, moto haukusita. Kwa muda wa siku nne uliteketeza nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87, pamoja na kanisa kuu la St Paul.

Katika msiba huo watu hawakukosa ujasiri, wala mto Thames haukukauka. Kilichokosekana ni mapatano yaliyofanywa mapema kuhusu gharama. Kubomoa nyumba chache asubuhi ile kungaligharimu fedha. Kutozibomoa kuligharimu mji.

Baada ya hapo wenye mali walianza kutafuta kinga. Mnamo mwaka 1680 Nicholas Barbon, tabibu aliyegeuka kuwa mjenzi wa nyumba, alianzisha ofisi ya bima ya moto. Makampuni mengine yakafuata, nayo yakaajiri watu wa kuzima moto, wengi wao wakiwa mabaharia wa mto Thames, ambao mikono yao ilikuwa imezoea makasia. Nyumba iliyokatiwa bima ilibandikwa kibao cha madini chenye alama ya kampuni yake. Ipo hadithi iliyoenea sana kwamba watu wa kampuni walipokuta nyumba haina kibao chao, walikunja mikono wakaitazama ikiungua. Wanahistoria wa siku hizi wanaitilia shaka hadithi hiyo, kwa kuwa ushahidi wake ni mdogo, na moto uliopuuzwa kwa jirani huvuka ukuta upesi. Lakini jambo moja halina ubishi: vikosi vile viliwekwa ili kulinda mali iliyokatiwa bima. Kuokoa uhai wa watu hakukuwa wajibu wao wa kwanza. Hata ngazi za kuwateremshia watu kutoka madirisha ya juu ziliwekwa mitaani na chama cha hisani kilichoanzishwa mwaka 1836.

Swali la pili, nani aamuru, lilipata jibu lake katika mji wa Edinburgh huko Uskoti. Mwaka 1824 mji huo uliunda kikosi kimoja cha mji mzima, ukamweka James Braidwood, kijana wa miaka 24, kukiongoza. Yeye alichagua waashi, maseremala na waezekaji, maana fundi aliyezoea kujenga paa ajua pia litaangukia wapi. Aliwazoeza alfajiri, mji ukiwa umelala. Lakini mwezi wa Novemba mwaka huo huo, kabla kikosi hakijakomaa, moto mkubwa ulizuka na kuendelea kwa siku kadhaa. Wakubwa wa mji walifika mahali pa moto, kila mmoja akitoa amri yake, na amri zikapingana. Wahenga wetu walisema, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya uchunguzi ikaamuliwa kwamba penye moto mkuu wa zimamoto peke yake ndiye aamuruye, hata kama waliosimama kando yake wana vyeo vikubwa kuliko chake.

Mwaka 1833 makampuni ya bima ya London yaliviunganisha vikosi vyao, yakamwita Braidwood awe mkuu. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka 28. Tarehe 22 Juni 1861 moto uliwaka katika maghala ya Tooley Street, kando ya mto, yaliyojaa pamba, katani, shahamu na viungo. Milango ya chuma iliyotiwa humo ili kuzuia moto ilikuwa imeachwa wazi. Braidwood alikuwa miongoni mwa watu wake, akiwatazama na kuwatia moyo, ndipo ukuta ulipomwangukia akafa. Moto huo haukuzimika kabisa mpaka zilipopita wiki mbili, na hasara ilikadiriwa kuwa pauni milioni mbili.

Makampuni yaliona kwamba mzigo umewashinda, yakaiambia serikali kuwa hayawezi tena kuulinda mji wote kwa fedha zao. Sheria ikatungwa mwaka 1865, na mwanzoni mwa mwaka 1866 kikosi cha umma kikaanza kazi, kikigharimiwa kwa sehemu kubwa na kodi ya wakazi. Hivyo jibu la swali la kwanza lilipatikana miaka 200 kamili baada ya moto wa Pudding Lane: wote walipe kidogo kidogo, ili asaidiwe yeyote.

Lakini kikosi kilicho tayari hakifai kitu ikiwa hakikupata habari. Tarehe 10 Novemba 1935 nyumba moja iliungua katika mtaa wa Wimpole Street, London, na wanawake watano wakafa. Jirani mmoja alikuwa amepiga simu kuwaita wazimamoto, lakini simu yake ilikaa katika foleni pamoja na simu za watu wengine, bila kujibiwa. Alikasirika, akaandika barua gazetini, serikali ikachunguza. Tarehe 30 Juni 1937 London ilipata namba moja ya hatari, yaani 999. Ilipopigwa, taa nyekundu iliwaka na king'ora kililia katika kituo cha simu, ili mpokezi aache mengine yote aijibu hiyo kwanza. Namba hiyo ndiyo iliyofika hata kwetu Kenya.

Gari la wagonjwa lina asili nyingine, nayo ni uwanja wa vita. Katika miaka ya 1790 daktari wa jeshi la Ufaransa, Dominique-Jean Larrey, aliona jinsi majeruhi walivyoachwa wamelala walipoanguka mpaka vita viishe, na wengi wakifa kwa kungoja. Akaunda magari mepesi ya farasi yaliyoweza kuwafikia vita vikiendelea. Tena aliweka kanuni ambayo matabibu wanaishika hata leo: anayetibiwa kwanza ni yule aliyeumia zaidi, awe ofisa au askari wa kawaida.

Hata hivyo, gari peke yake si tiba. Katika miji mingi ya Marekani mpaka miaka ya 1960, mgonjwa wa ghafla alichukuliwa na gari la polisi, au na gari lile lile lililotumiwa kuchukulia maiti, na aliyekaa naye nyuma hakujua kumsaidia. Mwaka 1967, katika mji wa Pittsburgh, huduma iitwayo Freedom House iliwachukua vijana weusi wa mtaa maskini wa Hill District, wengi wao wakiwa hawana kazi, na kwa mafundisho yaliyopangwa na Daktari Peter Safar wakazoezwa kwa mamia ya saa kufungua njia ya pumzi, kuuamsha moyo na kuzuia damu. Vijana hao walikuwa miongoni mwa wa kwanza duniani kumtibu mgonjwa njiani badala ya kumbeba tu. Mwaka 1975 mji ulianzisha huduma yake mwenyewe, na Freedom House ikafungwa. Lakini mfano wao ulibaki.

Sasa na tutazame nyumbani. Kwetu majibu ya maswali yale yameandikwa katika sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya kuzima moto na ile ya magari ya wagonjwa. Na Ibara ya 43 yasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Vyama vya hisani, kama Msalaba Mwekundu na St John Ambulance, navyo husaidia. Lakini sheria haibebi maji. Tarehe 28 Januari 2009 duka kubwa liliungua katikati ya Nairobi, na watu zaidi ya 20 wakafa. Siku tatu baadaye, huko Sachang'wan karibu na Molo, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakaangamia. Ilikuwa wiki moja tu, na misiba miwili ambayo hakuna gari lililoweza kuizuia lilipokwisha kuitwa.

Shida za kila siku za kazi hii hazina sifa za kuandikwa gazetini. Gari la zimamoto huchukua maji ya dakika chache tu. Yakiisha, lazima lipate mdomo wa bomba la mji. Mdomo huo ukiwa umefunikwa na saruji au kibanda, gari huondoka kutafuta maji huku moto ukiendelea. Katika mitaa iliyosongamana gari husimama kwenye barabara kuu, kwa kuwa vichochoro havilipitishi, na mipira ya maji haifiki. Gari la wagonjwa hulia king'ora katikati ya msongamano, na madereva hutazamana. Umati hujaa mlangoni kutazama, na mwenye machela hakosi kusukumwa. Mtoto au mtu mzima mwenye mzaha hupiga simu ya uongo, na gari likienda kwake haliwezi kwenda kwingine. Na gari lililopaki kituoni bila mafuta, bila matairi mema, ni pambo tu.

Wengine husema kwamba zimamoto huchelewa kwa sababu watu wake ni wazembe. Pengine huwa hivyo, na mzembe hana budi kuulizwa. Lakini historia yatufundisha kuuliza kwanza mengine: Je, bajeti ilitosha? Je, njia ilikuwa wazi? Je, maji yalikuwapo? Meya Bloodworth hulaumiwa kwa asubuhi moja, na kwa haki. Lakini mji mzima ulikuwa umekaa miaka mingi bila kuamua nani alipe.

Jambo hili lawahusu ninyi wanafunzi kuliko mnavyodhani. Baada ya miaka michache baadhi yenu mtakuwa wajumbe wa baraza la kaunti, na fedha za zimamoto zitapita mbele yenu zikishindana na mambo yanayopendeza macho zaidi. Wengine mtakuwa wenye nyumba za kupangisha, wenye uwezo wa kuacha njia au kuiziba. Nyote mtakuwa walipa kodi na wapiga simu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu huzibwa siku ambazo hakuna kinachoungua: mkutanoni, kwenye ramani ya mtaa, na katika hesabu za fedha. Siku ya moto huwa hakuna tena nafasi ya kuamua, na wazimamoto hulazimika kufanya kazi kwa kile tu tulichowaandalia.