Kisu, Tupa na Kibao: Historia Fupi ya Jigi za Karakana Yetu

Mhariri aliponiomba makala ya historia kwa ajili ya mkutano wetu, nilidhani anataka habari za timu ya mpira au za wakuu wa shule waliopita. Habari hizo wapo wazijuao kuliko mimi. Mimi nitaeleza habari ya kitu kidogo ambacho wengi wetu tulikishika mikononi bila kukifikiria: kibao chenye bolti na ufito wa chuma, ambacho kilitufundisha kutengeneza kisu. Mafundi hukiita jigi.

Sababu ya kuchagua habari hii ni kwamba katika ajenda ya mkutano kuna shauri la kuchanga fedha za kununua mashine ya kusagia chuma. Karakana yetu ina kufuli mlangoni miaka mingi sasa, na tunaambiwa haiwezi kufunguliwa mpaka mashine ipatikane. Nami nasema: historia haikubaliani na maneno hayo.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka 1974, nikiwa kidato cha pili, kila mmoja wetu alipewa kipande cha springi ya gari akaambiwa atoe kisu cha jikoni. Nilipiga tupa siku nne. Upande mmoja wa makali ulikuwa umelala, wa pili umesimama, na katikati palikuwa na bonde kama la mto. Nilikitupa, nikapewa kipande kingine, nacho nikakiharibu. Cha tatu nilikificha chini ya godoro ili mwalimu asikione.

Pembeni yangu alifanya kazi mwenzetu mmoja wa bweni langu, kijana wa ukoo wa wahunzi wa Ugweno. Yeye alishika tupa kama mtu anayepaka siagi mkate. Kisu chake kilinyooka kwa siku mbili. Jioni ile nilimwambia, "Bwana wee, mkono wako ni wa kurithi. Sisi wengine tufanyeje?" Alicheka tu.

Swali langu lilikuwa la kitoto, lakini kumbe lilikuwa swali la historia. Je, ufundi wa chuma ni mali ya mkono uliozaliwa nao, au unaweza kupewa mtu yeyote?

Wazee wetu wengi walilijibu kwa upande wa damu. Huko Ugweno, kaskazini ya Upare, uhunzi ulikuwa wa ukoo wa Washana. Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya Wapare kilichotolewa mwaka 1969, ameeleza jinsi Washana walivyoshika hata utawala wa nchi ile, hadi ukoo wa Wasuya ulipowapindua. Utawala ulikwenda, lakini jina la uhunzi halikuwatoka. Chuma cha Ugweno kiliuzwa mpaka Uchagani, kikageuzwa majembe na mikuki. Kwa Wamasai nako wahunzi walikuwa kundi lao peke yao. Watu walizihitaji sime zao, ila hawakutaka kuoana nao. Mahali pengine mhunzi aliheshimiwa, pengine aliogopwa, lakini karibu kila mahali alikuwa mtu wa mbali, na siri yake ilibaki nyumbani mwake.

Hata hivyo, tukiangalia vizuri tutaona kuwa mhunzi hakutegemea mkono mtupu. Chukueni bomba za udongo zilizopitisha upepo wa mivukuto kuingia tanurini. Katika sehemu nyingi za Afrika bomba hizi zilifinyangwa kwa kuuzungushia udongo mti ulionyooka, kisha mti ukachomolewa. Tundu la kila bomba likawa sawa na la mwenzake, hata kama mfinyanzi alikuwa mtoto. Mti ule ndio jigi. Kazi yake ni kuubeba uangalifu wa fundi, ili asiyekuwa fundi naye aweze kuutumia.

Sasa tuvuke bahari, maana visu vingi vilivyoingia madukani mwetu zamani vilitoka Sheffield, Uingereza. Mji ule ulijulikana kwa visu karne nyingi, na chama cha mafundi wake kilithibitishwa kwa sheria ya mwaka 1624. Kazi iligawanywa: mmoja alifua, wa pili alisaga, wa tatu aliunganisha mpini. Mafundi wa mipini walikuwa na chombo kimoja cha ajabu. Walipotaka kuchimba mahali pa kutia kibandiko kidogo cha madini katika mpini, walifunga juu yake kibao cha chuma chenye tundu la umbo linalotakiwa. Kisha walizungusha keekee ya upinde yenye ncha mbili zilizotanuka kama springi. Ncha zilifuata ukingo wa tundu, zikachimba umbo lile lile. Fundi hakuhitaji kuchora. Kibao kilijua.

Sheffield inatupa na fundisho la huzuni. Wasagaji wa visu waliosaga bila maji walivuta vumbi la mawe na chuma mchana kutwa, na wengi walikufa vijana kwa maradhi ya mapafu. Nawaomba mlikumbuke jambo hili tutakapofika kwenye shauri la mashine.

Ufaransa nako, katika karne ya 18, fundi wa bunduki aitwaye Honoré Blanc alianza kutengeneza sehemu za mtambo wa bunduki kwa kutumia jigi na vipimo, ili kila kipande kiingie katika bunduki yoyote. Mwaka 1785 Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi wa Marekani mjini Paris, alikwenda kumwona. Alipewa vipande vilivyochanganywa, akaviokota ovyo na kuviunga kwa mikono yake mwenyewe, navyo vikakaa sawasawa. Aliandika barua kwao kueleza ajabu hiyo. Lakini mafundi wa zamani wa bunduki hawakufurahi. Waliona kwamba siri iliyowalisha imetiwa ndani ya kipande cha chuma, na kwamba mtu asiyepata mafunzo ya miaka mingi ataweza kukaa kwenye kiti chao. Hofu yao haikuwa ya bure. Mwaka 1819 Thomas Blanchard wa Marekani aligundua mashine iliyochonga mti wa bunduki kwa kufuata kielelezo, na baada ya hapo njia hii ilienea viwandani mwote.

Basi tazameni: jambo ambalo kwa bwana mkubwa wa kiwanda lilikuwa njia ya kupunguza mishahara, kwa mwanafunzi maskini linaweza kuwa mlango wa kuingilia. Chombo ni kile kile. Aliyekishika ndiye tofauti.

Nchini kwetu shule za ufundi za Ifunda na Moshi zilianza katika miaka ya 1950. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na nyuma yake Elimu ya Kujitegemea, na mwaka 1973 likaundwa shirika la SIDO ili kusaidia viwanda vidogo. Shule nyingi zilipata karakana wakati huo, na yetu mojawapo. Lakini vifaa vilikuwa haba. Tulikuwa na majiliwa sita, tupa chache zilizochakaa, keekee moja ya mkono, na wanafunzi arobaini.

Mwalimu wetu wa ufundi alikigundua kisu changu chini ya godoro siku ya ukaguzi wa mabweni. Hakunichapa. Kesho yake alileta kibao cha mninga na kusema, "Mkono wako hauna kosa. Kosa ni kwamba hauna pa kuegemea." Wiki ile alitutengenezesha jigi nne, na gharama yake yote haikuzidi bolti, misumari na vyuma vya kuokota. Nitazieleza ili vijana waweze kuzifanya.

Ya kwanza ni kiolezo. Kata umbo la kisu katika bati au kadibodi ngumu, ulilaze juu ya chuma, upige mstari kwa msumari uliochongoka. Kiolezo kimoja kilitosha darasa zima.

Ya pili ni ya kupata mstari wa katikati ya ukingo, ambao bila huo makali yatakwenda upande. Chukua ncha ya keekee yenye unene sawa na chuma chako, vilaze vyote viwili juu ya kioo, kisha ukivute kisu ukingo wake ukigusa ile ncha. Kwa kuwa ncha ya keekee iko katikati ya unene wake, mkwaruzo nao utakuwa katikati.

Ya tatu ni ya bega, yaani mahali mteremko wa makali unapokomea karibu na mpini. Vipande viwili vya chuma kigumu hufungwa kwa bolti mbili, kimoja kila upande wa kisu. Tupa ikifika pale inagonga chuma kigumu na kuteleza. Mabega yote mawili yanakuwa sawa.

Ya nne ndiyo mama yao. Kisu hulazwa juu ya kibao na kubanwa, ukingo wa makali ukielekea kwako. Nyuma ya kibao husimama bolti yenye jicho, inayopanda na kushuka kwa nati. Tupa hufungwa kwenye ufito wa chuma ulionyooka, na ufito hupita katika jicho lile. Hapo mkono unasukuma tu. Pembe inashikwa na bolti.

Na hesabu yake ni ya pembetatu zinazofanana, ile ile tuliyoilalamikia darasani. Tuseme chuma kina unene wa milimita 4, na unataka mteremko wa makali wenye kimo cha milimita 20. Kabla ya kutia moto ukingo ubakie nusu milimita, ili usipinde wala kupasuka. Kwa hiyo kila upande utatoa milimita 1.75. Ikiwa kutoka jichoni hadi mahali mteremko unapoanzia ni milimita 300, basi gawanya 1.75 kwa 20, zidisha kwa 300, utapata 26 na kidogo. Weka kwanza jicho mahali ambapo tupa inalala bapa juu ya kisu, halafu uliinue milimita 26. Pembe itakuwa digrii 5. Geuza kisu, fanya upande wa pili vivyo hivyo. Siku ile ndipo nilipoelewa kwa nini tulifundishwa jometri.

Lakini nisiwadanganye vijana. Jigi haijui kila kitu. Chuma cha springi lazima kwanza kilainishwe kwa kukichoma mpaka kiwe chekundu na kukizika katika majivu hadi kesho yake, ama sivyo tupa itakwisha meno. Baada ya kupiga tupa, chuma huchomwa tena mpaka sumaku isikishike, kikaendelezwa kidogo tu, kisha huzamishwa katika mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto kiasi. Halafu hupashwa taratibu hadi kipate rangi ya majani makavu, kwenye joto la digrii 200 na zaidi kidogo. Kazi hiyo haina kibao. Inahitaji jicho, subira, ndoo ya mchanga karibu, na mwalimu aliyesimama hapo.

Hapo ndipo mwenzetu wa Ugweno alipokuwa mwalimu wetu sote. Alituonyesha rangi za moto kama alivyoonyeshwa na babu yake: hii bado, hii ndiyo, hii umechelewa. Naye, niwaambieni siri, alikuja kuiazima jigi yangu. Kisu chake cha kwanza kilikuwa kizuri, lakini alipotakiwa kutoa visu kumi vya jiko la shule vilivyofanana, mkono wa urithi ulichoka. Nilimpa. Yeye alinipa moto wake, mimi nikampa kibao changu. Visu vile kumi vilikata mboga za shule mpaka tulipomaliza kidato cha nne.

Ndiyo maana nasimama kinyume cha shauri la kungoja mashine. Siipingi mashine, ikipatikana na ije, pamoja na vifuniko vya pua na macho, tusije tukawaletea vijana wetu vumbi la Sheffield. Lakini kufuli ile isingoje mashine. Napendekeza tuanze na majiliwa manne, tupa mpya kumi na mbili, mbao, bolti na mwalimu mmoja anayelipwa vizuri. Na sisi tuliopitia pale, tusichange fedha tu. Kila anayekumbuka kazi yake aje Jumamosi moja na kibao alichokitengeneza kwa mikono yake.

Wahenga walisema, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Ni kweli. Lakini walioficha siri ya kukifanya kikali walikula nyama peke yao muda mrefu sana. Mwalimu wetu aliiweka siri hiyo juu ya kibao cha mninga, akakiacha kibao juu ya meza, kila mtoto aweze kukishika.

Jigi yangu ninayo bado. Bolti imeshika kutu, lakini jicho linapanda na kushuka. Nitakuja nayo mkutanoni, na nitaomba ufunguo wa karakana.