Nzi wa Maembe ya Kitete

Miembe ya Tabora ni masalia ya misafara ya karne ya 19, iliyopita hapa kati ya Bagamoyo na Ujiji. Embe likianguka Kitete na kuanza kuchacha, nzi wadogo wa matunda, Drosophila, hufika kutaga mayai.

Mwaka 1938, huko Marekani, George Beadle na wenzake waliwanyima chakula funza wa nzi hao. Walionyimwa mapema mno walishindwa kuendelea. Waliokwisha kula vya kutosha waligeuka nzi kamili, ila wadogo. Leo tunajua sababu: funza akila, ubongo wake hutoa homoni za jamii ya insulini, naye hukua, kisha homoni nyingine, ekdisoni, hufunga ukuaji. Nzi mwenye mabawa haongezeki tena, hata umpe shamba zima.

Homoni hizo zina ndugu zao mwilini mwa mtoto, ambaye siku zake 1,000 za mwanzo, tangu mimba, ndizo nyeti zaidi. Sisi wanahistoria tumehesabu sana pembe za ndovu walizobeba wapagazi wa Kinyamwezi. Watoto wao walikula nini? Hilo tumeliuliza kwa nadra mno.